Kengele ya Lifti na Viini vya Mayai

Nahodha hakuwahi kupanda chombo cha majini hata siku moja, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyasimamia ni ya ndoo ya kuogea. Jina hilo alipachikwa na wapangaji wa jengo la ghorofa saba alimokuwa akiendesha lifti, kwa sababu ya mbwembwe zake. Alikaa juu ya kigoda kwenye kona, mkono wa kulia kwenye mpini wa shaba, shingo imenyooka, na kila akikaribia ghorofa alitangaza kwa sauti ya kuamsha waliolala: "Ghorofa ya tatu! Wa kliniki! Tushuke kwa ustaarabu!" Hata ndani mkiwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo anakwenda ya tano, Nahodha aliitangaza ya tatu akipita. Msimcheke. Kuna watu wanakwenda kazini kutafuta riziki, na kuna watu wanakwenda kazini ili nao waonekane ni watu. Nyumbani kwake bwana huyu alikuwa wa nne kusikilizwa, baada ya mkewe, mama mkwe wake na redio.

Lifti yenyewe ilikuwa kuukuu. Mlango wake ulikuwa wa vyuma vya kukunja, ukutani kulikuwa na kioo kilichopata ukungu, na juu ya mlango palikaa kengele. Uzito ukizidi, kengele ililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, na lifti haikusogea mpaka mtu atoke. Wapangaji walikuwa na sheria yao ambayo hakuna aliyeitunga: kengele ikilia, hakuna kubishana wala kutazamana matumbo, wa mwisho kuingia anatoka. Wakili wa ghorofa ya tano alitoka mara nyingi na faili zake kwapani. Siku moja alitoka bibi harusi aliyekuwa akienda kupigwa picha ghorofa ya saba. Bwana harusi akapanda peke yake, na picha ya kwanza ya ndoa ile akapigwa peke yake. Hakuna aliyelalamika, sheria ni sheria.

Basi asubuhi moja watu wakaingia kama kawaida, kengele ikalia. Akatoka wa mwisho. Kengele ikaendelea. Akatoka aliyemtangulia. Kengele, wapi! Akatoka wa tatu, akisonya. Bado inalia. Waliobaki ndani wakageuza shingo polepole, na macho yote yakatua pale kwenye kigoda. Nahodha akatazama kioo chenye ukungu, akajitia hamnazo. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola ya sare, na sare yenyewe ilikuwa imembana hivi kwamba akivuta pumzi vifungo vinaomba msaada.

"Nahodha," akasema mhasibu wa ghorofa ya nne, mtu wa miwani na kikohozi cha adabu, "sitaki kusema neno baya."

"Basi usiseme, mzee."

"Lakini wewe ndiye uliyeingia wa kwanza, na kengele hii si ya wa mwisho tena."

Habari zikamfikia meneja wa jengo kabla ya saa ya chai. Meneja alikuwa mwembamba, suti yake ilionekana bado inamsubiri anenepe. Akasimama mlangoni pa lifti, mikono nyuma.

"Mafundi wanakuja kukagua mwishoni mwa mwezi ujao," akasema. "Wakikuta kengele inalia kwa ajili yako, nang'oa hicho kigoda na mpini wako, naweka vitufe. Kila mtu atajibonyezea."

"Vitufe, bosi?"

"Vitufe."

Nahodha akamwitikia kwa kichwa. Angeambiwa anapunguziwa mshahara, angenung'unika tu. Lakini vitufe! Siku nzima alipandisha na kushusha watu akiwa kama aliyefiwa, hata ghorofa alizitangaza kwa kunong'ona, watu wakapitilizwa.

Sasa, mtu wa kumwokoa alikuwepo humo humo jengoni, naye ni nesi wa kliniki ya ghorofa ya tatu. Mama wa makamo, mpole, anayezungumza taratibu na kukueleza jambo kuanzia mizizi yake. Shida ni moja. Nahodha haruhusiwi kuacha mpini saa za kazi, na saa zake za mapumziko kliniki nayo imefungwa. Kwa hiyo ushauri wa daktari, wa wakili, wa fundi saa, chochote alichohitaji maishani, Nahodha alikipata ndani ya lifti, kati ya chini na ghorofa ya mtu huyo. Ndivyo alivyozoea, na ndivyo alivyofanya safari hii.

"Nesi, nakufa," akamwambia kesho yake asubuhi, lifti ikianza kupanda. "Nataka kupungua. Nifanyeje?"

Nesi akaupanga mkoba wake vizuri begani. "Kwanza, usijishindishe njaa. Ongeza protini. Protini inashibisha, halafu mwili unapopungua inalinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Mayai, samaki, kuku, maharage, dengu, mtindi. Mlo wowote ule usikose mojawapo."

"Ongeza protini," Nahodha akarudia, uso ukichanua.

"Eeh. Lakini sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Hiyo protini unaila..."

"Ghorofa ya tatu!" Nahodha akanguruma. "Wa kliniki! Tushuke kwa ustaarabu!"

Akavuta mlango. Wagonjwa wakamsukuma nesi nje, mdomo wake bado uko wazi, na mlango ukafungwa. Jamani, mtu anakatiziwa nusu ya maisha yake, na anayemkatiza ni yeye mwenyewe! Lakini kazi ni kazi. Nahodha alipanda hadi ya saba roho yake ikiwa nyeupe, maana alichosikia kilikuwa kitamu. Alijiandaa kuambiwa aache, naye kaambiwa aongeze.

Jioni akamweleza mkewe.

"Mayai, samaki, kuku, maharage," mkewe akarudia, mwiko mkononi. "Na wali je?"

"Wali hakuutaja."

"Mkate?"

"Hakuutaja pia."

"Kama hakuvitaja, basi havina kosa," mkewe akakata shauri, na mama mkwe kutoka chumbani akaunga mkono.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Sahani ya wali ilibaki na mlima wake ule ule, ila sasa juu ya mlima kuliketi mayai, kando yake samaki wa kukaangwa, na maharage yakajaza bonde. Asubuhi mkate na siagi vilibaki, mtindi ukaongezwa. Nahodha alikula kama anayemeza dawa, kwa nidhamu, hata pale tumbo lilipokataa. Mkewe alikuwa akimsimamia. "Malizia kuku, baba watoto. Unataka vitufe?" Naye anamalizia.

Na jengo nalo halikukaa kimya. Maskini, wapangaji walimpenda Nahodha wao, na zaidi ya hapo hakuna aliyetaka kujibonyezea. Habari za protini zilipanda ghorofa kwa ghorofa kwa kinywa chake mwenyewe. Fundi cherehani wa ghorofa ya sita, mwanamke mcheshi mwenye futi ya kupimia shingoni, akaja na bakuli la mayai ya kuchemsha. Wakili wa ghorofa ya tano akaleta kuku wa kukaanga, ngozi yake inang'aa kwa mafuta. Mhasibu, kwa kuwa dhamiri ilikuwa ikimsuta, akaleta karanga za kukaanga kwenye mfuko, akajaza tena kila ulipokwisha. "Dawa hiyo, Nahodha," walimwambia, na yeye angewezaje kukataa? Mtu kakutolea chakula, umwambie nimeshiba? Akala. Akapandisha watu huku anatafuna, akatangaza ghorofa huku karanga mdomoni.

Loo, mtu alivimba! Haikupita muda kifungo cha sare kikakata tamaa, kikaruka na kumpiga mhasibu kwenye kioo cha miwani. Mhasibu akasema si kitu, akaongeza karanga. Kengele ikawa inalia akiwa na abiria wanne, kisha watatu. Foleni pale chini ikatoka nje hadi barabarani, wapita njia wakadhani kuna kitu kinagawiwa bure, nao wakajipanga. Meneja alikuwa akipita anatazama kigoda, anatazama Nahodha, anaondoka bila kusema lolote, na hilo lilimuumiza Nahodha kuliko matusi. Alianza kuota vitufe. Viko ukutani, vinawaka, vinamwambia mkewe "ghorofa ya tatu" kwa sauti nzuri kuliko yake.

Mpaka asubuhi moja ndani ya lifti walikuwa wawili tu, Nahodha na nesi, na kengele ikalia.

Nesi hakuwa mtu wa kilo nyingi. Akatazama juu kwenye kengele, akamtazama Nahodha kuanzia viatu hadi kofia. Kengele ikakwaruza, ikasita, ikanyamaza, lifti ikaanza kujikokota kwa malalamiko.

"Nahodha, unakula nini?"

Akamtajia kwa fahari, kwa utaratibu, asubuhi mpaka usiku.

"Na wali?"

"Upo."

"Na mkate? Na hayo mafuta ya kukaangia?"

"Vyote vipo, nesi. Hukuvikataza. Ghorofa ya ta..."

"Nyamaza!"

Hakuna aliyewahi kusikia nesi akipandisha sauti. Nahodha akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Leo sishuki," nesi akasema. "Usifungue. Twende juu, turudi chini, twende tena juu, mpaka nimalize sentensi yangu. Wewe ulichukua nusu ya maneno yangu ukaenda kuyala!"

Kwa mara ya kwanza tangu ashike mpini ule, Nahodha alipita ghorofa ya tatu bila kuitangaza. Wakapanda. Watu wakagonga vyuma ghorofa ya nne, wakapiga kelele ya tano, fundi cherehani akaonekana akipungia futi ya kupimia ghorofa ya sita, wote wakapitwa. Na nesi akafundisha. Protini unaila badala ya kitu kingine, si juu yake. Sahani ni ile ile, haiongezeki. Unapunguza ule mlima wa wali, pale palipopungua unaweka maharage au samaki, na nusu ya sahani ni mboga za majani. Samaki achomwe au achemshwe, maana ukimkaanga unakula samaki na nusu kikombe cha mafuta. Kuku mvue ngozi. Maziwa na mtindi viwe vya kuondolewa mafuta. Karanga ni nzuri, zina protini, lakini mafuta yake ni mengi, kwa hiyo unakula za kujaza kiganja, si za kujaza mfuko.

"Na mayai?" Nahodha akauliza kwa sauti ya mtoto.

"Kiini kina faida zake, usikiogope. Lakini mafuta yote ya yai yamo humo. Wewe unayepelekewa mabakuli, kula yai moja zima, hayo mengine ule ute mweupe tu. Huo ni protini tupu."

"Badala yake," akanong'ona Nahodha. "Siyo juu yake."

"Badala yake. Sasa nishushe, wagonjwa wangu watakuwa wamepona wenyewe."

Kumwambia mke ilikuwa kazi nyingine. Nahodha alizunguka zunguka jikoni, akasifu sufuria, akauliza hali ya mkaa, mwisho akalitapika neno la nesi. Mkewe akakaa chini.

"Kwa hiyo wali wangu ndio mchawi?"

"Hapana, mama watoto. Wali ni mzuri. Ndiyo maana naumaliza."

Mkewe akafuta mwiko ambao ulikuwa umeshafutwa. "Mimi nilikuwa nakupakulia hivyo kwa sababu unarudi umechoka, na huongei. Nikikupakulia kidogo, watu watasema nini? Wewe mwenyewe utasema nini?"

"Nitasema nimeshiba."

"Useme kwa sauti basi. Siyo unatangaza kule, huku unakuwa bubu."

Kuanzia hapo sahani ikabadilika sura, na Nahodha akajifunza kusema nimeshiba kwa sauti yake ya lifti. Mama mkwe alilalamikia kelele.

Lakini zawadi za jengo hazikukoma, na yeye kukataa chakula cha mtu hakuweza hata kwa mtutu wa bunduki. Akapata njia yake. Yai akilipasua, ute anakula yeye, kiini anamkabidhi fundi cherehani: "Kula, dada, visitupwe." Ngozi ya kuku aliyoivua alimpa wakili aliyemleta kuku, naye wakili aliipenda kuliko kuku mwenyewe. Akichukua kiganja chake cha karanga, mfuko uliobaki ulimrudia mhasibu, ambaye aliutafuna kwa mawazo kati ya chini na ghorofa ya nne. Yeyote aliyeingia aliondoka na kitu mdomoni. Lifti ikanukia kama jiko la hoteli. Watu wasio na shughuli ghorofa za juu walianza kupanda, wakazunguka, wakashuka. Na kila mmoja alishuka akiwa ameshiba na kusema Nahodha wetu anazidi kupendeza, tazama kiuno kile.

Kweli alikuwa amepungua. Nesi alikileta kipimo cha kliniki mpaka ndani ya lifti, Nahodha akasimama juu yake huku ameshika mpini, na nesi akapiga makofi. Sare ikamlegea. Alifunga mkanda wake kwenye tundu jipya, akatabasamu peke yake kwenye kioo chenye ukungu. Kengele ilikuwa bado inalia asubuhi, hilo alilisikia, lakini kwa sababu watu walikuwa wamezoea, waliishia kutoka mmoja mmoja na kumtazama kwa huruma. "Bado kidogo, Nahodha," walimfariji. "Usikate tamaa." Naye akaongeza bidii, akagawa viini zaidi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mafundi wawili wenye ovaroli wakasimama pale chini, meneja pembeni na suti yake. Wapangaji walikuja wote kumtetea mtu wao, wakajazana kwenye lifti bila hata kukumbuka nani katangulia: nesi, wakili, fundi cherehani, mhasibu na wengine, idadi ile ile waliyozoea kupanda nayo miaka yote. Nahodha alikuwa kwenye kigoda chake, sare imepigwa pasi. Fundi akaitikia kwa kichwa kuruhusu. Nahodha akashika mpini.

Kengele ikalia.

Vichwa viligeuka polepole kama vilivyozoea, macho yakatua kwenye kigoda. Nahodha akashika tumbo lake, hilo hilo lililopungua. Wiki zote zile za ute wa mayai! Akasimama. Akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akapenya katikati ya watu akisema samahani, samahani, akatoka nje. Fundi cherehani alikuwa ameanza kulia.

Kengele iliendelea kulia.

Fundi mmoja akajikuna kisogo. "Bado," akasema.

"Toeni kigoda," meneja akaamuru. Kigoda kikatolewa. Bado. "Kofia." Ikatolewa kofia. Kengele ikalia kwa raha zake. Meneja akapandwa na hasira. "Wa mwisho kuingia atoke!" Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kila mmoja akaapa kwamba aliingia wa kwanza. Wakili akatoa hoja. Mhasibu alikohoa. Fundi cherehani alijivuta nyuma, akamkanyaga nesi, na katika mkanyagano huo zipu ya mtu fulani ikaachia kwa mlio ambao wote waliusikia na hakuna aliyeukubali.

Nahodha alisimama nje akiwatazama. Hakuwahi kuiona lifti yake kutokea upande huo. Aliona mashavu yaliyojaa, mikanda iliyosogezwa tundu, kidole cha mhasibu kikipangusa chumvi ya karanga kwenye tai. Akaelewa, na badala ya kufurahi akaona aibu kana kwamba amewaibia. Akageuka, akapanda ngazi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kengele ikabaki ikilia chini yake.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili meneja alipomfikia, anahema.

"Shuka, Nahodha. Kigoda kimerudishwa. Mafundi wanakungoja."

"Nani ametoka?"

"Wote." Meneja akashika ukuta. "Hakuna aliyekubali kutoka peke yake, ionekane ni yeye. Kwa hiyo wametoka wote."

Na hao wakaanza kuonekana, wakipanda kwa miguu, wameinamisha macho, kila mmoja akijifanya kwamba ngazi ndiyo tabia yake tangu zamani. "Habari za asubuhi, Nahodha," wakampita mmoja mmoja, wanatweta. Fundi cherehani alimgusa bega.

Nahodha akashuka, akaingia, akakaa. Kengele kimya. Akazungusha mpini, lifti ikapanda laini na mafundi wawili ndani, na mafundi wakasema chombo kizima, mwendeshaji abaki, wakashuka ghorofa ya kwanza kwenda kunywa chai. Alikuwa amepata alichokitaka. Akaendelea kupanda peke yake. "Ghorofa ya tatu," akatangaza, akaishia hapo, kwa sababu hapakuwa na wa kliniki wala wa wapi. Kupitia vyuma vya mlango aliwasikia wakihema kwenye ngazi, mhasibu akikohoa, mtu akiomba wapumzike kidogo. Machozi yakamtoka waziwazi, wala hakujificha.

Akasimamisha lifti hapo hapo, akavuta mlango, akatoa kichwa nje. Wakili na fundi cherehani walikuwa wameketi kwenye ngazi, viatu mkononi.

"Ingieni," akasema.

"Tutaliza kengele," akasema fundi cherehani, bila kumtazama.

"Ingieni wawili wawili. Nikiwafikisha nyie, narudi kuwachukua wengine."

"Na watu wa chini je, wanaosubiri?"

"Watasubiri," akasema Nahodha, akaushika mlango mpaka wakavaa viatu.